Sura ya Tisa: Kamba ya Pima Saba

"Mdogo humpisha mkubwa! Hata barabarani ni hivyo!" nahodha alifoka.

"Barabarani lori likimkanyaga mtu, dereva haulizwi uzito wa lori. Anaulizwa macho yake yalikuwa wapi!" Mama Pacha alikuwa ameshasimama, na kiti alichopewa kimelala ubavu sakafuni. "Na mimi nakuuliza wewe. Macho yako yalikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakokota wavu, mama," nahodha alisema. "Mwenye wavu majini hampishi mtu. Muulize mkuu wa bandari, huyo hapo. Si ndiyo sheria?"

Mkuu wa bandari alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Sheria ipo. Chombo cha injini humpisha anayevua. Hata chombo cha tanga humpisha. Lakini si habari ya ukubwa, nahodha. Mwenye wavu majini hupishwa kwa sababu amefungwa miguu. Hawezi kugeuka upesi."

"Si ndiyo nilivyosema? Basi yamekwisha."

"Kwako ndiyo yamekwisha," Mama Pacha alisema. "Wewe umerudi, umeoga, umekula. Wanangu wamekula nini?"

Inspekta wa polisi aliinama akakiinua kile kiti, akakisimamisha, lakini hakukikalia. Ofisi ilikuwa ndogo: meza, ramani ya pwani ukutani, redio ya mawasiliano iliyokuwa ikikoroma kama mgonjwa wa pumu, na dirisha moja lililoelekea gatini. Jua lilikuwa limeanza kuteremka.

Jana alfajiri, trola ya nahodha huyu, meli ya kukokota nyavu yenye urefu wa mabasi matatu, iliigonga boti ya mbao ya Mama Pacha, ambayo ukiiingiza katika ofisi ile ingebakiza nafasi ya meza. Ndani yake mlikuwa na wanawe wawili, pacha, wanaume wazima wenye ndevu zao. Nahodha alitaja mahali: nje ya mwamba, mbali, kaskazini. Tangu jana mchana boti mbili za doria zilikuwa huko zinazunguka. Na leo asubuhi mkuu wa bandari alikuwa ametamka kwamba giza likiingia, msako unafungwa. Mafuta yamekwisha na bahari imechafuka.

"Wameokota nini mpaka sasa?" Inspekta aliuliza.

Mkuu wa bandari aliitazama redio kana kwamba itamjibia. "Hawajaokota kitu."

"Ubao?"

"Hapana."

"Boksi la barafu? Dumu? Kandambili?"

"Nimekwambia, hawajaokota kitu."

"Boti ya mbao ikivunjika, bahari hutapika vipande siku nzima," Inspekta alisema. "Hii imemeza hata misumari."

"Bahari ni kubwa, afande," alisema nahodha.

"Ndiyo maana nataka kujua tunatafuta upande gani." Akamgeukia Mama Pacha. "Mama, muuza zana pale ufukweni anasema wanao walinunua mishipi juzi. Wakamwambia wanataka kwenda nje ya mwamba kuburuta ndoana, wafuate samaki wakubwa. Na nimepita kwako asubuhi, nimeukuta wavu umeanikwa uani. Kama walitoka na mishipi, si na wavu, basi nahodha anasema kweli. Boti inayoburuta mishipi haina haki ya kupishwa. Inageuka kama nyingine yoyote."

Nahodha alikunja mikono kifuani. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kupumua vizuri.

"Wavu uliouona uani ni mkuukuu," Mama Pacha alisema. "Nimeustaafisha. Siku hizi naufugia kuku. Na mishipi iko chini ya kitanda, kwenye karatasi yake. Walinunua kwa sababu yule muuzaji ana ulimi wa asali, si kwa sababu wana akili ya kwenda nje. Nimewaambia hawa tangu jana: wanangu hawavui nje ya mwamba. Wanatega mkondo wa ndani, kati ya mwamba na ufukwe. Hakuna anayenisikia."

"Mama, mvuvi humfuata samaki," mkuu wa bandari alisema kwa upole.

"Na mjinga humfuata nani?"

Inspekta alichukua kofia yake. Mama yeyote angesema vile, hilo alilijua. Maneno ya mama yalikuwa upande mmoja na maneno ya nahodha upande wa pili, na mizani haikutikisika. Kifaa cha ramani cha trola kilikuwa kimezimika, eti kimeingiwa na maji ya chumvi. Kilichobaki kusema ni meli yenyewe.

"Twendeni tukaione," alisema.

"Umeshaiona jana," nahodha alilalamika.

"Jana niliiangalia. Leo nataka kuiona."

*

Gatini vyombo vilikuwa vimepangwa kama watu kwenye foleni ya hospitali. Boti ndogo za kutega zilikuwa zimevutwa juu mchangani, nyingine zimepinduliwa, kwa sababu tangu jana mawimbi yalikuwa yanavunjikia mwambani kwa kishindo. Boti za wavu wa kuzungushia, zenye uwezo wa kubeba watu ishirini, zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, na mabaharia wake wamelala chini ya maturubai. Trola nyingine ilikuwa imepandishwa kwenye matengenezo, tumbo wazi, injini imetolewa nje kipande kipande. Mwisho wa gati ndipo ilipokuwa trola ya nahodha, na utepe wa polisi aliouzungusha Inspekta mwenyewe jana jioni. Aliuinamia, akapita chini yake. Wenzake wakamfuata. Askari aliyekuwa zamu alipiga saluti.

Serahangi, msimamizi wa mabaharia, aliwapokea juu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na macho yake hayakutulia kwa nahodha wala kwa Mama Pacha.

Inspekta alitazama mlingotini. Juu kabisa zilining'inia koni mbili nyeusi zilizogusana ncha.

"Zile zinasema nini?"

"Zinasema ninavua," nahodha alijibu haraka. "Kila chombo kinaelewa. Hao vijana walitakiwa kuziona, wapishe."

"Alfajiri, kabla hakujapambazuka?"

"Taa pia ziliwaka. Ya kijani juu, nyeupe chini. Ndizo taa za anayekokota."

"Na sasa hivi, hapa gatini, mnavua nini? Panya?"

Askari kule chini alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Serahangi," Inspekta aliita. "Hizo koni hushushwa lini?"

Serahangi alikuna shingo. "Hazishushwi, afande. Tukizishusha tutasahau kuzipandisha. Na taa ni hivyo hivyo, swichi ni moja. Tukitoka bandarini zinawashwa, mpaka tunarudi. Trola zote hufanya hivyo."

"Kwa hiyo mtu akiziona hajui kama mna wavu majini au mnakimbia zenu."

"Ndiyo hivyo, afande."

"Funga domo," nahodha alimwambia.

"Domo lake ni mali yangu mpaka jioni," Inspekta alisema, akaelekea tezi.

Pale nyuma, moja kila upande, yalining'inia mabamba mawili ya chuma makubwa kama milango ya ghala. Wavu wa trola ukiwa chini ya bahari, mabamba hayo ndiyo huupanua mdomo wake, na muda wote yanaburutwa sakafuni, kwenye mchanga na mawe. Inspekta alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa bamba la kwanza, kisha la pili. Kidole kikarudi chekundu.

"Mkuu, hebu njoo. Jembe likitoka shambani linakuwaje?"

Mkuu wa bandari aliinama, akaishika miwani isidondoke. "Linang'aa."

"Na haya?"

"Kutu." Akaikwangua kwa ukucha. "Kutu ya siku nyingi."

"Tulivua kwanza kwa siku chache, halafu—" nahodha alianza.

"Jana asubuhi ulipowagonga, mabamba haya yalikuwa chini au yalikuwa juu?"

"Chini! Na ushahidi upo. Nilipogeuka ghafla ili niwaokoe, wavu wangu mwenyewe ulinasa kwenye rafadha. Ndiyo maana nilirudi najikokota. Tazama mwenyewe, bado uko."

Yalikuwa maelezo mazuri, na ndiyo yaliyomshinda Inspekta jana. Jana jioni kiza kilikuwa kimeanza kuingia, na kilichoonekana nyuma ya meli kilikuwa kivuli cha fundo tu. Sasa palikuwa na mwanga, na maji ya gatini yametulia. Aliinama juu ya ukingo, akaona chini ya maji bawa moja la rafadha, lile pangaboi linaloisukuma meli, limevikwa fundo la nyuzi kubwa kama gunia.

"Serahangi, unajua kuogelea?"

"Afande, mimi ni baharia."

"Nimewaona mabaharia wengi wasiojua. Shuka. Nikatie kipande cha huo wavu, na kamba yoyote unayoiona. Usiikate kamba katikati, ifungue yote."

Serahangi alivua shati, akateremka kwa ngazi ya kamba. Walimsikia akihema, akitukana, akipiga maji. Mama Pacha alikuwa ameushika ukingo kwa mikono miwili. Nahodha aliwasha sigara, ikazimika, hakuiwasha tena.

Cha kwanza kupanda kilikuwa kipande cha wavu. Inspekta alikitandaza sitahani. Wavu wa trola hufumwa kwa uzi mnene kama kidole cha mtoto, wa rangi ya chungwa, na vipande vyake vilikuwa vimetapakaa pale pale kwa kulinganisha. Huu ulikuwa mwembamba kama unywele, wa buluu. Kwenye ukingo wake wa juu vilikuwa vimefungwa vipande vya mpira vilivyokatwa duara.

Mama Pacha alipiga magoti. Alikigeuza kipande kimoja, akakigeuza cha pili.

"Kandambili," alisema. "Maboya ya dukani bei yake inaua. Nakata kandambili. Hii ilikuwa ya baba yao, tazama kisigino kilivyolika upande. Alikuwa anatembea kama bata." Akakibana kile kipande kwenye kiganja. "Wavu wangu huu. Ulikuwa majini."

"Mkuu wa bandari," Inspekta alisema bila kuinua kichwa. "Boti yenye wavu majini, na meli ya injini inayokimbia bila wavu. Nani ampishe nani?"

"Meli ipishe." Mkuu alimgeukia nahodha. "Hata kama boti ni ndogo kama beseni."

"Asante. Lakini hilo ni la mahakama. Mimi nataka la leo. Serahangi! Kamba iko wapi?"

Ilipanda kamba nyembamba, ya manjano. Mwisho mmoja ulikuwa na jiwe lililotobolewa, nanga ya kuushikilia wavu chini. Mwisho wa pili dumu tupu la lita tano, limepondwa, la kuonyesha juu ya maji mahali wavu ulipotegwa. Kamba nzima, kutoka jiwe hadi dumu, haikukatika.

Inspekta alisimama, akaishika pale penye jiwe, akatanua mikono. Pima moja. Akaivuta, akatanua tena. Mkuu wa bandari alianza kuhesabu naye kwa sauti ya chini, kama wanafunzi. Dumu liliufikia mkono wake kwenye pima ya saba.

"Kule nje ya mwamba, mahali alipopataja nahodha, kina ni pima ngapi?"

"Arobaini," mkuu wa bandari alisema. "Zaidi."

"Jiwe likilala chini pima arobaini, na kamba ni ya pima saba, dumu litaelea wapi?"

Mkuu wa bandari aliipima tena ile kamba kwa macho.

"Haliwezi kuelea," Inspekta alisema. "Huwezi kutega wavu huu kule, hata ukiwa mlevi. Wavu huu ulitegwa kwenye maji yasiyozidi pima sita. Trola haziruhusiwi kuingia huko. Kwa hiyo nahodha alikuwa mkondo wa ndani, anakatisha njia, anakimbia kwa mwendo wa kufika sokoni kabla ya wenzake. Angekuwa anakokota, angekwenda mwendo wa mtu anayetembea, na boti ingesukumwa tu. Isingepasuliwa. Amewagonga, amekaa chini akafikiri, halafu akaihamisha ajali. Akaipeleka nje, mahali anaporuhusiwa kuwa. Na sisi tukamfuata, na boti zetu mbili, na mafuta yetu yote."

Upepo ulizigonganisha zile koni juu.

"Siku nzima na nusu," Mama Pacha alisema polepole. Alisimama, akamwendea nahodha mpaka tumbo lake likakaribia kumgusa. "Ulijua. Ulikuwa umekaa kwenye kiti pale ofisini, unakunywa maji, unanisikia nikisema mkondo wa ndani. Na ulijua."

"Nasubiri wakili," nahodha alisema.

"Ni wapi?" Inspekta aliuliza. "Sema mahali. Sasa hivi."

"Nasubiri wakili."

"Wakili hajui kuogelea. Ni wapi?"

Nahodha alitazama maji. Inspekta alimwita askari, na pingu zikalia.

Aliyesema alikuwa serahangi, amekaa juu ya ngazi, maji yanamtiririka tumboni.

"Ni kusini, afande. Karibu na lango dogo la mwamba. Zamu ilikuwa ya nahodha, akalala kwenye kiti cha usukani. Mimi nilikuwa nyuma naosha sitaha. Nilisikia kitu kama mlango umevunjwa." Alijifuta uso, lakini uso haukukauka. "Mmoja nilimwona. Alikuwa ameshika boksi la barafu, anamwita mwenzake. Nilimwambia nahodha asimamishe. Alisema tukisimama kule tumekwisha sote."

"Alikuwa hai?" Mama Pacha aliuliza.

"Alikuwa anaita, mama."

"Anaita nani? Anasema nini?"

"Sikusikia jina. Anaita 'pacha, pacha.'"

Mama Pacha alikaa chini sitahani.

Inspekta alikuwa amemgeukia mkuu wa bandari. "Mkondo pale unakwenda wapi maji yakipwa?"

"Unatoka kupitia lango dogo. Unawatoa nje, upande wa kusini. Tangu jana wamesukumwa..." Alihesabu kichwani. "Bado wanaweza kuwa karibu. Kule maji huzunguka, huleta takataka zote za pwani. Kama wana cha kushika."

"Waite doria."

Mkuu wa bandari aliongea kwenye simu ya redio ya begani. Jibu lilikuja limekatikakatika, lakini walilisikia wote. Boti moja ilikuwa imebakiza mafuta ya kurudia tu. Ya pili, hata ikigeuka sasa hivi, ingefika giza limetanda.

"Boti ndogo?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye mawimbi haya? Utanipa maiti nyingine kumi. Zile za wavu wa kuzungushia hazina taa ya kumulikia na ziko wazi, zitajaa maji langoni. Trola ile nyingine umeiona, haina injini."

"Na hii?"

Mkuu wa bandari alielewa kabla Inspekta hajaongeza neno. "Hapana. Afande, hapana."

"Ina mafuta?"

"Nusu tangi," alisema serahangi. "Na taa kubwa mbili. Wavu ukitolewa kwenye rafadha, inakwenda."

"Sikiliza," mkuu wa bandari alimvuta kando, akapunguza sauti. "Meli hii ndiyo kesi yako. Mpimaji wa ajali za meli anakuja kesho, aukute wavu ulivyonasa, apige picha, aandike. Ukiutoa leo kwa visu, ukaipeleka meli baharini na mabaharia hao hao, wakili yeyote atasema wavu ulinaswa leo, si jana. Atasema kamba umeifunga wewe. Huyu mtu ataondoka na kofia yake kichwani. Na wewe watakuvua hiyo yako."

"Nina picha za simu."

"Picha ulizopiga mwenyewe, kwenye meli uliyoivunjia ulinzi mwenyewe."

"Ni kweli."

"Na huenda wameshakufa, afande. Samahani mama. Lakini huenda wameshakufa, na utakuwa umepoteza vyote viwili."

Inspekta alimtazama Mama Pacha, ambaye alikuwa bado sakafuni, kipande cha kandambili kiganjani.

"Mama. Umemsikia. Nikienda na meli hii, huenda mtu huyu asifungwe kamwe. Hata kama wanao hawapatikani."

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Basi unaniuliza nini?"

Inspekta alitoa kisu mfukoni, akamrushia serahangi.

"Shuka. Chukua wenzako wawili. Rafadha iwe uchi kabla jua halijagusa mwamba. Askari, mpeleke nahodha kituoni, aandike anachotaka kuandika. Mkuu, mwambie yule wa doria mwenye mafuta ageuke hivyo hivyo, aje tukutane langoni. Akichelewa, amechelewa."

"Na mimi niseme nani ametoa amri?"

"Sema mimi. Jina langu unajua kuliandika."

Mafundo ya wavu wa buluu yalipandishwa moja moja, na Mama Pacha alikuwa akiyapokea, akiyatupa nyuma yake bila kuyatazama, kama mtu anayemenya vitunguu. Mara mbili serahangi aliibuka midomo imekuwa ya kijivu, akavuta pumzi, akarudi. Mara ya tatu aliinua kidole gumba.

Injini ilikohoa. Ikazimika. Ikakohoa tena, ikashika.

Mkuu wa bandari alikuwa gatini, amesimama kando ya nguzo ya chuma iliyofungiwa kamba ya meli, mikono mfukoni. Hakumzuia mtu. Hakumsaidia pia.

Inspekta alishuka mwenyewe. Aliukata utepe wa polisi, akaukunja, akautia mfukoni. Akaishika kamba nene kwa mikono miwili, akaitoa nguzoni, akaitupa juu ya sitaha. Trola ikaanza kuachana na gati. Simu yake ililia. Aliona ni bosi wake, akaizima.

Halafu akaruka. Serahangi alimdaka mkono, na Inspekta alipogeuka kutazama nyuma, maji kati ya meli na gati yalikuwa yameshakuwa mapana kuliko mruko wa mtu.